Chane Saba

Boti ilipoiacha Ras Nungwi nyuma, bahari ilibadilika. Tangu tutoke Unguja tulikuwa tumeteleza kama gari kwenye lami mpya, lakini pale, katika mkondo wa Pemba, mawimbi yalianza kutuinua na kutubwaga. Wahudumu wakapita wakigawa mifuko ya kutapikia. Mama aliyekaa mbele yangu akavuta uradi, midomo ikimchezacheza bila sauti. Mimi nilizaliwa Morogoro, nikakulia chini ya milima ya Uluguru, na hadi siku ile, nikiwa na miaka 41, nilikuwa sijavuka maji mapana kuliko yale ya kivuko cha Kigamboni. Nilipaswa kuogopa. Nilitazama maji ya buluu nzito yakipanda hadi kwenye vioo, nikaona hakuna kitu ndani yangu kinachoshtuka. Hilo ndilo lililonitisha, kama neno kutisha bado lilinifaa.

Mimi ni mkunga. Kwa miaka 16 nimefanya kazi katika wodi ya wazazi ya hospitali moja Dar es Salaam, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nimeifanya usiku. Miezi mitatu kabla ya safari nilimzalisha binti mmoja aliyekuwa ameumwa uchungu siku mbili. Mtoto alitoka amelegea, tukamhangaikia, akalia. Asubuhi mama yake aliniita kitandani akaniambia mtoto atapewa jina langu. Nikamjibu, "Haya, sawa," kama mtu aliyeulizwa saa ngapi, nikaendelea kujaza kitabu cha ripoti. Nilipokuwa kwenye daladala ndipo nikakumbuka uso wake. Nilipitiliza kituo changu nikashtukia niko Mbagala.

Tuna maneno mengi ya uchovu: tunachoka, tunachakaa, tunakuwa hoi, tunakuwa taabani. Yote hayo mtu akilala huamka nayo yamepungua. Hali yangu ilikuwa kama jiko la mkaa lililoachwa usiku kucha. Kwa mbali utadhani lina moto bado, ukisogeza mkono unakuta jivu. Mwaka 1974 mwanasaikolojia Herbert Freudenberger wa New York aliandika makala kuhusu jambo hili baada ya kuliona kwa watu waliokuwa wakijitolea katika zahanati ya bure, na kulionja mwenyewe. Aliliita kwa neno la Kiingereza la kuungua hadi kwisha. Christina Maslach wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alilipambanua zaidi, na Shirika la Afya Duniani, lilipopitisha orodha yake mpya ya magonjwa mwaka 2019, likalieleza kuwa ni tatizo linalotokana na kazi, lenye sura tatu: nguvu kukauka, moyo kujitenga na kazi na watu wake, na kujiona hufanyi lolote la maana. Mshauri wa afya ya akili aliponisomea zile tatu niliitikia kila moja. Sura ya pili ndiyo iliyoniuma, kwa sababu ilikuwa na jina la yule mtoto.

Nikapewa likizo. Wiki mbili za kwanza nililala, na sikupona.

Mkunga anajua kidogo habari za homoni, kwa hiyo nilitaka kuelewa kwa nini. Mtu akishtuka, sehemu ndogo iliyo chini ya ubongo, hipothalamasi, huiamuru tezi ya pituitari, nayo huziamuru tezi zilizokaa juu ya figo zimwage kotisoli. Ni msaada mkubwa: sukari hupanda damuni, macho hukaa wazi, unaweza kukimbia na mama anayevuja damu hadi chumba cha upasuaji. Shida huja kengele isipozimwa. Bruce McEwen, aliyefanya kazi katika Chuo Kikuu cha Rockefeller, alitumia maisha yake kuonyesha jinsi msaada huohuo, ukirudiwa kila siku, unavyougeukia mwili na kuuchakaza. Gamba la mbele la ubongo, lile la kupanga, kusubiri na kujizuia, hudhoofika. Amigdala, kijisehemu chenye umbo la lozi kinacholinda dhidi ya hatari, huzidi kuwa macho. Nilipolala chumbani kwangu Temeke mwili ulikuwa kitandani, lakini mlinzi yule alikuwa bado wodini anahesabu mapigo ya moyo ya watoto ambao hawajazaliwa.

Muuguzi mwenzangu, Mpemba, ndiye aliyeniambia, "Nenda kwetu. Mama atakufundisha ukili." Nilicheka kwa adabu. Kisha nikakata tiketi.

Mkoani, bandarini, hewa ilikuja na karafuu kabla sijakanyaga nchi. Ulikuwa msimu wa mavuno. Gari lilipanda na kushuka vilima, maana Pemba haijalala kama nilivyodhani visiwa vyote hulala, na kila kijiji tulichopita karafuu zilikuwa zimeanikwa kando ya barabara juu ya majamvi, nyingine mbichi bado, nyingine zimeshageuka kahawia. Dereva aliyapita majamvi yale kwa nafasi ya kiganja bila kukanyaga hata punje. Chake Chake tulibadilisha gari. Hadi tunafika Wete, na kutoka hapo kwa bodaboda hadi kijijini, jua lilikuwa limeshaegemea upande wa bara.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Umekonda." Hakuuliza kilichonileta. Aliniwekea muhogo wa nazi na samaki wa kuchoma, akaufunika kwa kawa, akaniacha nioge kwanza.

Asubuhi alitandika jamvi chini ya mwembe akatoa fungu la ukindu. Yalikuwa makuti machanga ya mkindu, yamekaushwa juani. Mengine yamechemshwa na rangi, zambarau na kijani. Alinionyesha kuyachana kwa ukucha yawe chane nyembamba, na kuyatia maji kidogo yasikatike. Kutoka kwenye chane husukwa ukili, utepe mrefu wa upana wa vidole vichache, na tepe hizo zikishonwa ubavu kwa ubavu ndipo mkeka unapozaliwa. Mkeka ninaoukalia maisha yangu yote, sikuwa nimewahi kuuona ulivyoungwa.

Alinianzishia chane saba. Moja inapita juu, moja chini, ile ya pembeni inakunjwa kurudi ndani. Mikono hii ambayo imegeuza watoto waliokaa vibaya tumboni ilishindwa. Kabla ya adhuhuri ukili wangu ulikuwa umepinda kama mkia wa chura mchanga. Nikaenda mbele nikitumaini kwamba kosa litajificha.

Mama aliutazama. "Fumua."

"Hadi wapi?"

"Hadi pale ulipokosea. Ukindu upo."

Nikafumua. Chane zilitoka zimejikunja kidogo, nikazilowesha, nikaanza tena. Alasiri nikafumua mara ya pili, kisha ya tatu. Sijui niseme vipi kilichotokea kifuani mwangu ile mara ya tatu. Kwa miaka 16 kila kosa langu, au la mwenzangu, au la usiku wenye wakunga wawili na wanawake kumi na tisa, lilikuwa halina kurudi nyuma. Damu iliyomwagika huizoi. Hapa mtu mzima aliniambia nimekosea kwa sauti ileile aliyotumia kunikaribisha muhogo, na kosa likafutika mikononi mwangu nikiona kwa macho. Hakuna aliyeandika ripoti.

Nilikaa pale siku kumi na nane. Tulisuka asubuhi, tukapumzika jua likiwa kali, tukasuka tena baada ya alasiri. Wajukuu walikuja wakaniona nikihesabu kwa midomo, wakanisaidia kuhesabu.

Jioni nilisoma yale aliyonipa mshauri. Kulikuwa na utafiti wa Girija Kaimal na wenzake wa Chuo Kikuu cha Drexel, Marekani, uliochapishwa mwaka 2016. Watu wazima 39 waliachwa wafinyange udongo, wachore au wabandike vipande vya karatasi kwa dakika 45, mate yao yakipimwa kotisoli kabla na baada. Kwa takriban robo tatu yao ilikuwa imeshuka, na haikujali kama mtu ana ujuzi wa sanaa au hana. Robo iliyobaki haikushuka, na naliandika hilo kwa makusudi, kwa sababu sitaki msomaji aliyechoka aambiwe kwamba ukindu ni dawa ya kila mtu. Watu 39 ni wachache. Lakini nilipousoma nilikuwa nimeshaona mambo mawili: taya langu la chini, ambalo daktari wa meno alikuwa ameniambia nalikaza usingizini, lilikuwa limelegea, na tangu juzi nilikuwa nimelala bila kuota kengele.

Siku ya nne au ya tano, vidole vilishika njia. Kujifunza kitendo huanza kwa jasho, gamba la mbele likisimamia kila hatua, kisha polepole kazi hukabidhiwa sehemu za ndani zaidi, zile za mazoea, pamoja na serebelamu iliyo kisogoni. Ndivyo mtu anavyojifunza kuendesha baiskeli. Msimamizi anapata nafasi ya kukaa. Na anapokaa, kuna mtandao mwingine ubongoni unaoamka, ule ambao Marcus Raichle na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington, St. Louis, waliuelezea mwaka 2001: sehemu zinazochangamka mtu asipokuwa na kazi ya nje inayomshughulisha, wakati akili inapotangatanga kwenye kumbukumbu, kwenye nafsi yake, kwenye watu. Wodini sikuwa na nafasi ya kutangatanga. Kitandani Temeke akili ilitangatanga kwenye hofu tu. Chini ya mwembe mikono ilikuwa na kazi ya kutosha kumtuliza yule mlinzi, na njia zikabaki wazi kwa wengine kupita.

Aliyepita kwanza alikuwa yule binti. Niliuona uso wake, jasho limemganda kwenye nywele, akinitamkia jina langu mwenyewe kama zawadi. Nililia hadi ukindu ukalowa. Mama hakuniambia nyamaza. Alivuta chane zangu upande wake, akazishika zisifumuke, akasubiri. Nilipomaliza akanirudishia.

Baadaye nikamweleza yote, zamu, upungufu wa watu, usiku tunaolaza wanawake wawili kitanda kimoja. Alisikiliza, kisha akauliza swali moja: "Na hao wakubwa wenu, wanajua?" Swali hilo nilirudi nalo. Nimeona mahali pengi sasa mfanyakazi aliyechoka akishauriwa apumue, achore, atafute kitu cha kumfurahisha, kana kwamba ubovu uko ndani ya kichwa chake. Ukili haujaongeza mkunga hata mmoja katika wodi yetu. Mkunga aliyepona na kurudishwa kwenye usiku uleule atachakaa tena, na hilo nimelisema kwa maandishi kwa wanaohusika, mara mbili, nikiwa na wenzangu.

Kuna utafiti mmoja zaidi nilioukunja nikauweka ndani ya mfuko wa kitambulisho changu. Mwaka 2009 Conor Liston, McEwen na B. J. Casey walichapisha matokeo ya kuwapima wanafunzi wa udaktari waliokuwa kwenye mfadhaiko wa wiki kadhaa wakijiandaa kwa mtihani. Gamba lao la mbele lilifanya kazi vibaya na uwezo wao wa kuhamisha umakini ulipungua. Walipopimwa tena baada ya mwezi mmoja wa utulivu, tofauti ilikuwa imeondoka. Walikuwa vijana wenye wiki chache tu za taabu, mimi nina miaka 16, kwa hiyo sijidai kwamba nitarudi kwa kasi yao. Ila niliposoma kwamba ubongo nao hufumuka na kusukwa tena, nilimtafsiria mama. Akasema, "Enhe," akaendelea kusuka.

Siku ya kuondoka aliupima ukili wangu kwa kunyoosha mikono, pima moja, ya pili, ya tatu na kidogo. Mkeka wa mtu mzima haupatikani hapo. Tukaushona pamoja, ukatosha mkeka wa mtoto mchanga, upande mmoja umepinda kwa sababu pima ya kwanza niliisuka bado mikono haijakubali. Alitaka kuukata ule upande. Nilimwomba auache.

Boti ya kurudi ilikuta mkondo umechafuka kuliko siku ile ya kwanza. Wimbi la kwanza kubwa liliponyanyua boti nikahisi tumbo linashuka, mikono ikawa baridi, moyo ukapiga. Niliogopa. Niliukumbatia mkeka kifuani, na mzee aliyekaa jirani yangu akanigeukia, "Mara yako ya kwanza, binti yangu?"

"Ya pili," nikamwambia, huku nimeshika mkono wake bila kumwomba ruhusa.

Namba ya simu ya yule binti niliyemzalisha ilikuwa kwenye faili. Wanaishi Chanika. Mtoto alikuwa ameanza kukaa.