Siku ya Matembezi ya Hisani, Ruiru hata Thika

Baina ya mji wa Ruiru na mji wa Thika, katika Kaunti ya Kiambu nchini Kenya, ni mwendo wa kilomita 20 hivi. Apitaye kwa gari huumaliza mwendo huo kwa dakika chache, wala haoni neno la kumshangaza. Lakini aendaye kwa miguu huona mengi. Huuvuka mto Ruiru, kisha Ndarugu, na maji ya mito hiyo miwili huingia mto Athi, ambao hufika baharini karibu na Malindi ukiitwa Sabaki. Akifika Thika hukuta mito mingine miwili, Chania na Thika, nayo maji yake huenda Tana. Basi mtembezi huyo, pasipo kujua, ameuvuka mgongo wa nchi unaotenga mito miwili iliyo mikubwa kuliko yote ya Kenya.

Miji hii ina habari ndefu. Katika miaka ya kwanza ya karne ya 20, mji wa Nairobi ulipata umeme kwa nguvu za maji ya mto Ruiru. Hoteli ya Blue Posts, iliyo kando ya maporomoko ya Chania na Thika, ilianza mwaka 1908, na reli kutoka Nairobi ilifika Thika mwaka 1913. Baadaye yakaja mashamba makubwa ya kahawa, ya katani na ya mananasi, na viwanda vya nguo na vya kutia matunda katika makopo. Kituo cha uchunguzi wa kahawa kilichoko Ruiru kilitoa mwaka 1985 mbegu iitwayo Ruiru 11, ambayo haishindwi upesi na ugonjwa unaoozesha buni ingali mbichi, wala na kutu ya majani. Wakulima wengi wamelisikia jina la Ruiru kwa sababu ya mbegu hiyo kabla ya kuuona mji wenyewe.

Lakini nchi haikukaa ilivyokuwa. Barabara kuu ya Thika ilipanuliwa na kufunguliwa mwaka 2012, na mashamba mengi ya kahawa yakang'olewa ili nyumba zijengwe. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha ya kuwa Ruiru ina watu 490,120, na Thika watu 251,407. Ruiru, ambayo zamani ilikuwa kama mdogo wa Thika, sasa imempita kaka yake. Wengi wa wakazi hao ni wageni waliotoka pande zote za Kenya. Katika nyumba moja ya ghorofa wapangaji hukaa mlango kwa mlango, wasijuane hata kwa jina.

Hapo ndipo lilipo jambo la kufikiriwa. Zamani mtu akipatwa na shida, waliomchangia walikuwa ndugu zake, watu wa rika lake na jirani zake. Kila mmoja alijua nani ametoa mbuzi na nani ametoa kibaba cha mahindi, kwa hiyo hapakuwa na haja ya kuandika. Mwaka 1963 Mzee Jomo Kenyatta alilifanya neno Harambee kuwa mwito wa taifa zima, na watu wakajenga shule na zahanati kwa michango yao wenyewe. Lakini siku hizi mchangaji wa Ruiru huenda humchangia mtoto asiyemjua, kwa mkono wa mkusanyaji asiyemjua. Kujuana kukiisha, yafaa daftari lishike mahali pake.

Jumamosi ya matembezi ya hisani ni siku ya pilikapilika nyingi mno. Alfajiri magari ya mboga na ndizi yamekwisha kuingia sokoni. Saa mbili za asubuhi magari ya arusi yaliyopambwa kwa maua hupishana na magari yanayokwenda mazishini. Vyama vya akiba vina mikutano yao, na vijana wana mpira wao. Katikati ya hayo yote hutokea kundi la watu waliovaa fulana za rangi moja, wenye chupa za maji mikononi. Hao ni watembezi. Wamo makarani, waalimu, wanafunzi, akina mama wa kanisa, na wazee wachache wenye fimbo, ambao mara nyingi huwashinda vijana kwa kuwa mwendo wao ni wa taratibu.

Wazee wengine walioketi vibarazani huuliza, “Vijana, kama mna fedha za kutoa, kwa nini msizitoe mkiwa mmekaa nyumbani?” Swali hilo si baya, nalo lina jawabu. Kabla ya siku yenyewe kila mtembezi hupewa kadi, akaenda nayo kwa jamaa na wafanyakazi wenzake, nao huandika ahadi zao. Asiye na mia yake mwenyewe huweza kuleta mia kumi za watu wengine. Tena mtu aliyetembea nusu ya siku juani kwa ajili ya mgonjwa hamsahau mgonjwa huyo upesi. Kwa njia hii wengi wamesaidiwa. Huko Nairobi matembezi na mbio za Mater Heart Run, zilizoanza mwaka 1993, zimekusanya fedha za kuwatibu watoto wenye magonjwa ya moyo.

Na Thika yenyewe ni mji unaojua hisani ni kitu gani. Mwaka 1946 Jeshi la Wokovu lilianza huko kazi ya kuwafunza watu waliopofuka katika Vita Kuu ya Pili, na kazi hiyo ikazaa shule ya vipofu ijulikanayo nchi nzima. Mwaka 1962 likaanzisha Joytown, shule ya watoto wenye ulemavu wa viungo. Watu waliosoma katika shule hizo wamekuwa waalimu, makarani na mawakili. Fedha iliyofika mahali pake ilizaa matunda.

Matembezi yana hatari yake pia. Barabara kuu si mahali pa kutembea makundi makundi, maana magari hukimbia sana. Viongozi wenye busara hupitisha watu wao katika njia za ndani, na panapokuwa hapana budi kuvuka, huwapandisha wote katika madaraja ya waendao kwa miguu, asibaki hata mmoja wa kukimbia katikati ya magari. Haifai kumtafutia mgonjwa mmoja dawa na kuleta majeruhi wawili hospitalini.

Adhuhuri ikifika, moshi huonekana uwanjani. Mbuzi wamechinjwa, makaa yamekolea, na nyama yalia juu ya wavu wa chuma. Kuna ugali, kachumbari na mutura. Watu walioanza asubuhi bila kujuana sasa hula pamoja, wakaulizana nyumbani kwao ni wapi. Hakuna alaumuye karamu hiyo. Aliyechoka hana budi kula. Lakini matembezi mengi mema yameharibika papo hapo penye moshi.

Mathalan, watu 200 wakitembea, na kila mmoja akileta shilingi 300, jumla ni shilingi 60,000. Mbuzi 5 wa shilingi 10,000 kila mmoja ni shilingi 50,000. Hema, viti, makaa na nyanya zikigharimu shilingi 15,000, gharama yote ni shilingi 65,000. Jioni watembezi hurudi makwao wameshiba na kufurahi, kumbe mgonjwa wao sasa anadaiwa shilingi 5,000 za mbuzi! Hakuna mwizi katika hesabu hiyo. Kila mtu alitenda kwa nia njema, ila mifuko miwili ilifanywa kuwa mmoja.

Dawa yake si ngumu. Mfuko wa nyama uwe mbali na mfuko wa hisani. Alaye nyama ainunue kwa kilo, na faida itakayobaki iongezwe katika mchango. Wahesabu fedha wawe watu watatu, wasiotoka nyumba moja. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, mchango uletwao kwa simu huacha alama yake. Lakini noti itiwayo katika kopo haina ushahidi, kwa hiyo kopo lifunguliwe mbele ya watu. Jumla isomwe kwa sauti siku ile ile kabla watu hawajatawanyika, na risiti ya hospitali au ya shule ibandikwe ukutani mwa kanisa, msikiti au ofisi ya chama.

Wenyeji wa nchi hii hawatakosa kuielewa sheria hiyo. Kwa desturi ya Wakikuyu mbuzi hagawanywi ovyo. Kila kiungo kina mwenyewe, na mgawaji akikosea huulizwa na wazee. Ikiwa nyama ya mbuzi mmoja ina taratibu, fedha ya mtoto mgonjwa itakosaje? Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari.

Jua likishuka nyuma ya mabonde ya Gatundu, makaa huzimwa na viti hurudishwa. Miguu ya watembezi itauma siku mbili tatu, kisha itapona. Wale waliosikia jumla ikisomwa mbele yao ndio watakaokuja tena mwakani, nao watawaleta jirani zao.