Mlio Chini ya Boneti, kutoka Nyali hadi Malindi

Barabara itokayo Mombasa kwenda Malindi ina urefu wa takriban kilomita 120. Wasafiri wengi huigawa kwa yale wanayoyaona: soko la Kongowea mara baada ya daraja la Nyali, kiwanda cha saruji cha Bamburi, msongamano wa Mtwapa, mashamba ya mkonge ya Vipingo, hori la Kilifi, msitu wa Arabuko-Sokoke, kisha magofu ya Gede na njia ya kuingilia mjini. Sisi, ambao kwa miaka mingi tumeipita katika Corolla 110 iliyoundwa kabla ya mwaka 2000, tumezoea kuigawa kwa sauti. Gari la umri huo halinyamazi. Mengi ya linayoyasema ni porojo tu, lakini mengine ni habari nzito, na anayebeba watoto na mama mzee kiti cha nyuma hana budi kuyatofautisha.

Alfajiri, gari lililolala nje karibu na bahari huamka na unyevu. Likiwashwa hutoa mlio mwembamba wa kukatika-katika, chwi-chwi-chwi, mithili ya kifaranga aliyepotewa na mamaye, kwa dakika mbili tatu, kisha hutulia. Huo aghalabu ni umande uliokaa juu ya mkanda wa feni. Na kama gari limesimama siku kadhaa, ni kutu nyembamba ambayo hewa ya chumvi imeiacha kwenye puli. Mkanda ukipata joto na puli zikijisugua, mlio huisha. Katika miezi ya mvua za kusi tunausikia karibu kila siku, wala hatumwiti fundi. Wa kuitiwa fundi ni ule ambao gari limevuka daraja la Nyali na bado unaendelea.

Jina "mkanda wa feni" tumelirithi kutoka magari ya zamani, maana siku hizi feni ya magari mengi madogo huzungushwa na umeme. Mkanda wenyewe ni mpira uliotiwa nyuzi ndani yake, unaopokea mzunguko kutoka kwa injini na kuupeleka kwa viungo vingine. Katika gari letu huizungusha alternata, inayochaji betri, pamoja na pampu ya maji, inayoipoza injini. Usukani na kipoza hewa navyo hudai mzunguko wao. Kwa hiyo mkanda unapolia, huenda si wenyewe unaoumwa. Huenda unamlilia jirani.

Hilo lilitudhihirikia Mtwapa, siku moja ya mwezi wa Rajabu. Tulikuwa wanawake watatu na mtoto mmoja, tunakwenda kwenye msiba wa shangazi yetu Malindi. Maziko yalikuwa baada ya sala ya alasiri, na kwetu pwani jeneza halimngoji aliye njiani. Kina mama hatuendi makaburini. Nafasi yetu ya mwisho ya kumwona shangazi ilikuwa pale nyumbani, kabla hajatolewa. Katikati ya msongamano, saa tano na nusu mchana, mlio ukaanza: si chwi-chwi ya alfajiri, bali ukelele mrefu usiovuta pumzi, hata wauza korosho wakageuka kututazama.

Hata kabla ya kuteremka, mambo matatu yanaweza kujaribiwa ukiwa umekaa kwenye usukani, na ndiyo tuliyoyafanya. Tulizima kipoza hewa, ukelele haukubadilika. Tuligeuza usukani hadi mwisho gari likiwa limesimama, haukubadilika. Tukawasha taa kubwa, feni ya ndani na kikausha kioo cha nyuma kwa pamoja, na hapo ukazidi maradufu. Alternata ikidaiwa umeme mwingi huwa nzito kuzungushwa, na mkanda uliolegea huteleza juu ya puli yake ukipiga kelele. Laiti ukelele ungezidi kwa kugeuza usukani, tungeishuku pampu ya usukani na mkanda wake. Laiti ungekoma kwa kuzima kipoza hewa, tungeishuku kompresa.

Tuliegesha chini ya mwarobaini, penye fundi mmoja wa kando ya barabara.

"Shikamoo mama," akasema kijana.

"Marahaba mwanangu. Mkanda unatulilia, na tuna maziko Malindi alasiri."

Akatoa pole, akachukua kipande cha sabuni ya kufulia. "Niupake hii, mtafika kimya kimya."

Tulimzuia kwa upole. Sabuni hunyamazisha kweli, lakini kwa muda mfupi tu, na hunyamazisha dalili pamoja na kelele. Tulimwomba maji badala yake. Injini ikiwa inaunguruma polepole, fundi hunyunyizia maji kidogo upande wa mkanda wenye mifereji na kusikiliza. Mlio ukikoma kwa sekunde chache kisha ukarejea, mara nyingi kosa ni puli zisizolingana mstari, au uso wa mkanda umekwisha. Ukizidi pale pale, mkanda umelegea. Wetu ulizidi.

(Tuseme neno hapa kwa akina mama wenzetu. Kabla boneti halijafunguliwa injini ikiwa inafanya kazi, kaza shungi, kunja mikono ya buibui, na leso iache ndani ya gari. Mkanda huzunguka kwa kasi isiyoonekana kwa jicho, nao haubagui nguo na nywele. Na watoto wakae mbali.)

Injini ikazimwa. Kijana akaubonyeza mkanda kwa dole gumba, katikati ya sehemu yake ndefu kuliko zote. Palipotakiwa kuzama kama sentimita moja, palizama vidole viwili. Boliti ya kurekebishia alternata ilikuwa imeliwa na kutu, ikaachia. Kwa spana mbili na robo saa akaivuta alternata nyuma, akaikaza, wala hakuzidisha, kwani mkanda uliokazwa kama uzi wa kinanda huziua beringi za alternata na za pampu ya maji. Kisha akatuonyesha kwa tochi ya simu: upande wa ndani wa mkanda uling'aa kama ngozi iliyopigwa rangi, na mifereji yake ilikuwa na nyufa nyingi za kukata.

"Utawafikisha, mama. Lakini msirudi nao."

Tulipenda jawabu lile. Fundi anayejua kusema "utafika lakini hutarudi" ana thamani kuliko yule anayesema kila kitu ni sawa, na kuliko yule anayetaka kubomoa injini nzima kwa mlio mmoja. Tulifika saa tisa kasoro dakika kumi. Shangazi alikuwa bado ndani, tukamwona.

Kilichotutia hofu njiani si mlio tena, bali ukimya, hasa pale msitu wa Arabuko-Sokoke unapoandamana na barabara na nyumba zikawa chache. Mkanda ukikatika katika gari kama letu, husikika pigo moja, taa nyekundu ya betri huwaka, na baada ya dakika chache sindano ya joto huanza kupanda kwa sababu pampu ya maji imesimama. Betri inaweza kulibeba gari mwendo fulani, joto halisamehi. Anayesema "tujikokote hadi Gede" huenda akafika Gede na kichwa cha injini kilichopinda. Ni kusimama pale pale, kuzima, na kutogusa kifuniko cha rejeta hadi injini ipoe, kwani maji yaliyomo huruka yakiwa yanachemka.

Kesho yake tulimtafuta fundi wa Malindi atie mkanda mpya. Mzee huyu hakuharakisha kuuvalisha. Baada ya kuutoa wa zamani alizungusha kila puli kwa mkono, moja moja, amefumba macho. Ya alternata ikazunguka laini. Ya pampu ya maji ikasita kidogo, kama jiwe linalosaga mtama. Hiyo ni beringi iliyoanza kufa, na sauti yake gari likitembea si ya kulia bali ya kuguna, mvumo mzito unaopanda na kushuka pamoja na mwendo wa injini. Chini ya pampu palikuwa na alama ya maji yaliyokauka, ushahidi wa pili. Mkanda mpya juu ya pampu ile ungekuwa pesa iliyotupwa baharini, tukabadilisha vyote viwili.

Tukiwa tumekaa kwenye benchi lake tulimwuliza kuhusu sauti nyingine. Tiki-tiki nyepesi kutoka juu ya injini: pima oili kwanza, maana gari la zamani huinywa, na valvu zisizopata oili hugonga, ikiwa oili ipo, valvu zinataka kurekebishwa. Tiki-tiki inayosikika asubuhi na kufifia injini ikipata moto mara nyingi ni ekzosi inayovuja karibu na injini. Mlio wa bati linalotetemeka huwa ni bati lenyewe, kinga ya joto iliyolegea chini ya gari, na waya utaishika. Lakini ngo-ngo-ngo nzito, itokayo chini, inayozidi ukikanyaga mafuta, isipewe hata kilomita moja. Zima, uite gari la kuvuta.

Upo pia mkanda wa taimingi, ambao hauonekani wala haulalamiki, kwa kuwa umefichwa nyuma ya kifuniko. Probox zenye injini ya 1NZ hazina mkanda huo; zina mnyororo, ambao ukichakaa au oili ikipungua hukwaruza gari linapowashwa asubuhi. Corolla yetu inao mkanda, na desturi ya Japani ni kuubadilisha kila kilomita 100,000. Gereji za huko hubandika stika ndani ya boneti kila zinapoubadilisha. Mzee alifuta vumbi kwa kitambaa, ikatokea: maandishi ya Kijapani yasiyosomeka kwetu, lakini tarakimu hazihitaji mkalimani. Tukazisoma, tukatazama dashibodi, tukatoa moja kwa nyingine, na tukamwuliza ana nafasi lini wiki ijayo.