Nanaa na Maji ya Kuoshea Mchele

Nanaa haimo kwenye orodha. Vijana wa mradi wa bustani za nyumbani walipopita kwenye bloku yetu kuhesabu mimea, fomu yao ilikuwa na sukuma wiki, mchicha, kunde, bamia na nyanya. Mmoja akaangalia makopo yangu matatu nyuma ya jiko akaniuliza, "Mama, hii ni mboga?" Nikamwambia si mboga. "Basi ni dawa?" Si dawa sana. "Sasa niandike nini?" Nikamwambia andika nanaa. Mstari wake haukuwepo, kwa hiyo nadhani mpaka leo kwenye kompyuta yao nyuma ya jiko langu hakuna kitu.

Simlaumu. Hapa Kakuma kila mmea lazima ujieleze, kwa sababu kila mmea unakunywa, na maji tunayahesabu kwa jerikeni. (Sisi wa Kivu tunasema bido, lakini watoto wangu wamekulia hapa na wananisahihisha.) Kipimo ambacho mashirika hutumia kambini ni lita 20 kwa mtu kwa siku, na wakati wa dharura lita 15. Jerikeni moja ni lita 20. Kwa hiyo kwenye karatasi kila mtu ana jerikeni yake moja ya kunywa, kupika, kuoga na kufua. Bomba likitoka vizuri tunakaribia hapo. Likikohoa, hatufiki. Sasa mtu akikuambia anamwagilia jani lisiloshibisha mtoto, una haki ya kumuuliza anafikiria nini. Mume wangu aliniuliza. Siku ile nilikuwa naelekea foleni, sikuwa na muda, basi namjibu hapa.

Kwetu Uvira ziwa liko mlangoni. Chai yetu tulitia mchaichai, ambao uliota tu kando ya ukuta na kuwakata watoto mikono, na hakuna aliyejua unakunywa kiasi gani. Nanaa niliijua kama ladha ya peremende na dawa ya meno. Aliyenionyesha mmea wenyewe ni jirani yangu wa Darfur. Bloku nzima tunamwita Haboba, ndivyo Wasudani wanavyomwita bibi. Mimi Kiarabu sijui, na Kiswahili chake wakati huo kilikuwa cha bombani: maji, foleni, kesho, wewe rudi nyuma. Siku moja alinyoosha kidole kwenye kopo lake akasema jina la ule mmea, nami nikalisikia bila mkalimani, maana neno letu limetoka kwao. Nanaa, nikasema. Akarudia, nikarudia. Tulicheka kama watoto. Lilikuwa neno letu la kwanza, na nadhani alinipa kile kijiti kwa sababu hiyo.

Alinipa kijiti, hakunipa mbegu, na hili watu wengi hawalijui. Nanaa ya mbegu haitoki kama mama yake. Unaweza kupanda ukapata jani lisilo na harufu ya maana. Aina ile kali zaidi, inayowekwa kwenye peremende, ni chotara na kwa kawaida haizai mbegu kabisa. Nanaa hupita mkono kwa mkono. Unakata kipande chenye urefu wa kidole cha kati, chini kidogo ya kifundo cha majani, unaondoa majani ya chini, unakisimamisha kwenye chupa ya soda yenye maji kidogo mahali pasipo jua kali. Baada ya wiki moja, au siku kumi hivi, unaona mizizi myeupe kama nyuzi. Ndipo unahamisha.

Mimi natumia makopo ya mafuta ya mgao, yale ya bati. Toboa chini kwa msumari matundu matano sita, weka kokoto, halafu udongo. Udongo wa hapa peke yake haufai, ukikauka unakuwa matofali. Mimi huchota mchanga kwenye laga ya Tarach wakati hakuna maji, nachanganya na samadi ya mbuzi iliyokaa muda mrefu, ile mbichi inaunguza mizizi. Usiweke kopo upande wa mabati yanayopigwa na jua la mchana. Bati linakuwa kikaango. Weka mahali panapopata jua la asubuhi tu, na kama hapo hapapo, tundika gunia juu yake. Mbuzi wa hapa ni hodari kuliko polisi, kwa hiyo zungushia matawi ya mathenge. Ni mti mbaya, miiba yake inatoboa ndala mpaka mguu, lakini kwa kazi hii nausamehe.

Maji sasa. Nanaa inapenda unyevu kila siku, na hapo ndipo ugomvi ulipo. Yangu sijawahi kuimwagilia maji mapya. Inakunywa maji ya kuoshea mchele, maji ya kuoshea mboga, na yale ya kusuuzia vyombo mwishoni, ambayo sabuni yake imekwisha kabisa. Maji ya kwanza ya vyombo yana mafuta na chumvi, siyapi mmea wowote. Maji ya kufulia yenye sabuni ya unga au jiki pia hapana. Ukikusanya vizuri, bakuli moja asubuhi na moja jioni yanapatikana hata kwenye nyumba ya watu sita. Ni maji ambayo yangemwagwa uani, nzi wakayafuata.

Nimesoma kwamba kwenye nchi za mvua watu wanalalamika kuhusu nanaa, ati inatambaa chini kwa chini mpaka inakula bustani nzima, wanaifungia kwenye ndoo. Kakuma haina shida hiyo. Inatambaa mpaka pale bakuli langu linapofika, inasimama.

Ukiivuna, usichume jani moja moja kutoka chini kama unamnyoa kuku. Kata ncha, juu kidogo ya kifundo, na pale itatoa matawi mawili. Ikate kabla haijatoa maua. Baada ya mwaka hivi mizizi inajaa kopo na majani yanakuwa madogo. Toa lote, gawa kwa kisu, panda upya. Ikizidi, funga mafungu utundike ndani, kivulini. Kwa hewa hii siku tatu zinatosha. Juani inakuwa nyeusi na harufu inaondoka.

Matumizi ni chai kwanza. Haboba anachemsha maji, majani ya chai na sukari mpaka rangi inakuwa ya matofali, anaepua, ndipo anatia nanaa na kufunika. Haichemshi nanaa, mtu akiichemsha anamtazama kama amemtukana mtu. Anamimina kwenye vikombe vidogo vya kioo. Sisi Wakongo tulikuwa tunataka kikombe kikubwa na maziwa. Majirani zangu Wasomali wanataka iliki na mdalasini. Tumegombana sana juu ya hili, na nimekubali kwamba kwa nanaa Wasudani wanajua: bila maziwa, kikombe kidogo, sukari isiyoogopa.

Halafu dengu za mgao. Kila anayekaa hapa anajua dengu inavyochosha wiki ya tatu. Twanga nanaa na chumvi na pilipili, kamulia ndimu ukiipata, weka juu ya dengu ikiwa sahanini, usiipike. Watoto wangu waliokuwa wanaifukuza sahani walirudi mezani. Hilo sijui linaandikwa wapi kwenye fomu za lishe.

Maji ya bomba yana harufu ya klorini, na watoto wengine wanakataa kunywa. Weka jani kwenye kikombe wakati wa kunywa. Usilitie kwenye jerikeni, maana majani yakikaa humo yanaoza na kuimaliza ile klorini inayokulinda. Na nanaa haiui vijidudu. Wapo wanaosema inafukuza mbu. Mimi nalala chini ya neti. Tumbo likijaa gesi, au mja mzito akiwa na kichefuchefu, kikombe chepesi kinasaidia, lakini mwenye kiungulia kinaweza kumzidishia. Na yale mafuta makali ya dukani yenye harufu ya nanaa usimpake mtoto mchanga karibu na pua, yanaweza kumbana pumzi. Mtoto mwenye homa anapelekwa kliniki, hanywi chai.

Lakini mume wangu hakuniuliza kuhusu gesi. Aliniuliza kwa nini. Jibu ni kwamba mgeni akija kwangu sasa nina kitu cha kumpa. Unajua mgao ulipopunguzwa, watu waliacha kutembeleana. Hakuna aliyetangaza. Ulikuwa unaona aibu kumkuta mwenzako saa ya kula, naye anaona aibu kukukaribisha kwenye sufuria tupu, basi kila mtu anabaki kwake. Mlango unaofungwa hivyo hauonekani kwenye ripoti. Kikombe kidogo cha Haboba kinataka kijiko cha sukari, majani kidogo, na matawi mawili ya nanaa, na mtu anakaa saa nzima. Haboba alizika watoto wawili njiani kutoka kwao. Nilijua hilo mwaka wa pili, juu ya kikombe cha tatu. Nisingelijua bombani.

Halafu kuna zile siku ambazo maji hayakuja. Pampu iliharibika, tukaambiwa kesho, zikapita siku tisa. Wanawake walichimba laga kwa mikono. Nilipika mara moja kwa siku, mchele hatukuuosha, vyombo tulifuta kwa majivu. Siku ya nne nilitazama makopo yangu, nikaenda ndani nikawapa watoto. Sikufikiri mara mbili. Siku ya saba matawi yalikuwa kama tumbaku. Ya Haboba pia yalikufa, yote. Alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa akaniambia, "Binti yangu, ni jani tu," na akageuza uso.

Maji yaliporudi nilipiga hesabu ya nani niliyempa vijiti. Dada mmoja Mrundi bloku ya pili: yake ilikufa. Fundi wa baiskeli: mbuzi. Mama wa Kisomali anayeuza chapati karibu na soko alikuwa na kopo moja kando ya pipa lake la kunawia mikono, na pipa lilikuwa linavuja. Lilikuwa la kijani. Nikaomba kijiti, akanikatia vinne, akakataa pesa, akataka tu nimfundishe ile ya kuwahi kuepua kabla ya kutia. Ni mmea uleule, si ndugu yake wala mtoto wake: kipande cha kipande cha ule wa Haboba. Nilimpelekea viwili. Alivinusa, akavitia chupani, akanipa kikombe cha chai kavu, bila nanaa, kwa sababu vile viwili hakuna aliyethubutu kuvichuma.

Sasa nina makopo matano. Nimeweka sharti kwamba kila bloku jirani iwe na angalau nyumba mbili zenye nanaa, mbali mbali, na mtu mwenye pipa linalovuja asilizibe haraka. Anayetaka kijiti aje saa kumi na moja jioni jua likipungua, aje na kitambaa kibichi cha kukifungia. Kopo aje nalo mwenyewe.