Jirani wa mji wa sayansi

Konza ni jina la zamani. Wazee wa reli walilijua kwa kituo kile ambapo njia ya Magadi huchepuka. Siku hizi ukilitaja, vijana hufikiria tarakilishi, na shangazi yangu, ambaye boma lake haliko mbali na hapo, hufikiria shamba.

"Mwanangu, wewe wa magazeti," aliniuliza nilipokwenda kumwamkia, "kwani mji huzaliwa na sheria?"

Nikamwambia ndiyo, shangazi. Serikali ilinunua ekari 5,000 za ranchi ya Malili mwaka wa 2009. Mwaka wa 2012 mamlaka ya kuusimamia mji huo ikaundwa kwa tangazo rasmi, na Januari 2013 Rais Mwai Kibaki akazindua ujenzi. Kisha mwaka wa 2015 ikaja Sheria ya Maeneo Maalum ya Kiuchumi, ambayo inahusu pia maeneo ya sayansi na teknolojia. Kampuni yenye leseni humo hutozwa kodi ya mapato asilimia 10 kwa miaka 10, halafu asilimia 15 kwa miaka 10 mingine. Kampuni za kawaida nchini hulipa asilimia 30.

Shangazi alicheka mpaka akajishika mbavu. "Basi na mbuzi wangu wapewe leseni!"

Mzaha huo una kiini. Sheria za aina hii huchora mpaka, zikapunguza kodi ndani yake, kwa matumaini kwamba wenye mtaji na wenye ujuzi watakusanyika hapo na kuambukizana maarifa. Waliobaki nje huambiwa wangoje. Huko Konza hata ukanda wa kilomita 10 kuuzunguka mji uliwekewa masharti, ili majengo yasichipuke ovyo. Sikatai, aliyeiona mitaa ya Nairobi ataelewa sababu. Lakini mzee anayetaka kumgawia mwanawe kipande cha ardhi ajenge ana haki ya kuuliza atangoja hadi lini.

Mimi naona kodi si hoja kubwa. Hoja ni masomo. Mjukuu wa shangazi yuko kidato cha tatu na hesabu anaziweza barabara. Chuo Kikuu Huria cha Kenya, kilichopewa hati mwaka wa 2023, kina makao yake papo hapo Konza. Ajabu ni kwamba hufundisha kwa mtandao, kwa hivyo aliye Lodwar na aliye langoni ni sawa. Msichana huyo haombi upendeleo. Anachoomba ni simu ya mamake jioni, na pesa za kununulia data.