Utungo Uliofungiwa Sandukuni

Wazee wetu walinena, Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Neno hili ni la kweli sokoni, ambako embe huonekana kwa macho na kushikwa kwa mkono. Walakini utungo wa piano haujiuzi kamwe maadamu umo sandukuni, kwa kuwa karatasi haina sauti. Hata akipatikana wa kuupiga, vinyundo vidogo hugonga nyuzi, na sauti hufifia mara. Hapana budi awepo mwenye kusikia.

Nasi tulikuwa na utungo mmoja, wa dakika nne, usio na maneno, tulioutunga baada ya kufiwa na ndugu yetu. Miaka miwili tuliupiga jioni, milango imefungwa. Hatukuogopa kuambiwa kwamba hatujui kutunga, maana mwalimu amezoea kupimwa na wanafunzi wake kila siku. Tuliogopa watu wasiomjua marehemu wasije wakakipima kilio chetu kama wapimavyo kitambaa dukani.

Hofu hiyo si ngeni. Frédéric Chopin, mtunzi wa Poland, alipokaribia kufa mwaka 1849 alitaka karatasi zake zisizochapwa zichomwe moto. Rafiki yake Julian Fontana alizichapisha baadhi yake mwaka 1855, kwa idhini ya jamaa za marehemu. Mojawapo ndiyo Fantaisie-Impromptu, ambayo leo hupigwa na wanafunzi wa piano katika nchi nyingi. Naye Franz Schubert wa Vienna alifanya tamasha moja tu la hadhara la tungo zake peke yake, mwezi wa Machi 1828. Akafa mwaka ule ule, umri wake miaka 31.

Siku hizi mtunzi hangoji ukumbi wala mchapaji. Tuliinasa sauti chumbani mwetu, tukaipeleka katika intaneti pamoja na karatasi ya noti, ili apendaye aupige mwenyewe.

Juma la kwanza hapakuwa na jibu. Kisha mtu mmoja akaandika, "Nzuri," akaenda zake. Wa pili alisema kwamba mkono wa kushoto ni mzito mno. Tukalifikiri neno lake, tukamshukuru, tukauacha uzito ule, kwa sababu ndio tulioukusudia. Wa tatu hakusema neno lo lote juu ya utungo. Aliupiga kwa piano yake, akatuletea sauti. Mahali tulipozoea kupita upesi, yeye alikawia. Tukasikia kimya ambacho hatukujua kuwa kimo. Hakumjua ndugu yetu, wala hakuuliza habari zake. Lakini siku ile tuliona kama kwamba amekuja kuketi nasi matangani.

Basi, ninyi mlio na tungo sandukuni, zitoeni. Mkizitoa, jueni kwamba si zenu peke yenu tena. Mgeni ataziingia kwa miguu yake, na pengine ataona chumba msichokijua. Nanyi msikilizao, msitupe neno moja mkapita. Mwambieni mtunzi ni mahali gani palipowagusa, au palipowachosha, na kwa nini. Aliyeutoa moyo wake mbele za watu astahili jibu la mtu aliyesikiliza mpaka mwisho.