Bafta na Upele Uliokuwa Ukirudi



Wengi mmetuuliza, yule paka mweupe aliyekuwa akilala juu ya cherehani kwenye picha zetu za magauni amekwenda wapi, mbona siku hizi haonekani? Yupo, alhamdulillah. Ila ilibaki kidogo asiwepo, na kosa lilikuwa letu, basi leo tuliseme.

Kwa wageni: sisi ni mtu na wifi yake. Tunashona nguo za maharusi Kilosa, na tuna kibanda cha pili Mikumi, kando ya barabara kuu ya kwenda Iringa. Bafta ni wa Kilosa. Ana miaka 4 na maisha yake yote ni ndani, kati ya lesi na satini. Tulimchukua kwa ajili ya panya, ingawa hajakamata hata mmoja. Anawatisha kwa harufu tu.

Siku moja tukiwa Mikumi tulikuta mtoto wa paka chini ya lori, mwembamba, anajikuna. Tukamwonea huruma, tukampandisha gari hadi Kilosa, tukamlaza kwenye boksi la Bafta. Baada ya wiki mbili jirani akamtaka, tukampa. Hatukuwaza zaidi.

Haukupita mwezi Bafta akaanza kujikuna kingo za masikio. Kwanza tukasema ni vumbi la vitambaa. Kisha manyoya yakanyonyoka, ngozi ikawa nene, ikafanya magaga ya kijivu yaliyopanda usoni hadi juu ya macho. Usiku tulikuwa tunasikia kucha zake, kra kra kra, mpaka usingizi unaruka.

Tukaanza udaktari wetu. Tulimpaka mafuta ya nazi, tukamwosha maji ya mwarobaini. Mtu mmoja akashauri oili chafu ya gari, mwingine mafuta ya taa. Hayo tuliyakataa, maana paka anajilamba, na kila unachompaka mgongoni jioni kimeshafika tumboni. Lakini akili hiyo hiyo hatukuitumia tulipokwenda duka la dawa za mifugo. Kilosa kuna wafugaji wengi, na maduka hayo yamezoea ng'ombe na mbuzi. Tukapewa dawa ya kuogeshea ng'ombe, tukaambiwa tuizimue kwa maji. Tukaizimua, tukampaka.

Kabla ya Isha alikuwa anatoa udenda, anatetemeka, miguu ya nyuma imemlegea. Wifi alimwosha kwa sabuni ya vyombo na maji ya uvuguvugu mara tatu mfululizo, huku analia. Mungu alimpa siku. Baadaye tulielezwa kwamba dawa nyingi za kupe zina pemethrini, na ini la paka haliwezi kuivunja kama la mbwa linavyoweza. Nyingine zina amitrazi, nayo ni sumu kwake. Kwa hiyo hata chupa yenye picha ya mbwa, mwenye paka usiiguse.

Bado tulikuwa hatujazinduka. Kilichotuzindua ni bibi harusi mmoja aliyekuja kujaribu gauni, akambeba Bafta mapajani akisubiri tubane kiuno. Siku tatu baadaye mama yake akapiga simu: binti ana vipele mikononi na tumboni, anajikuna, na singo inaanza wiki ijayo. Hakutukana. Alisema tu, "Wanangu, nguo yenu nzuri, lakini nyumba yenu ina nini?"

Maneno hayo yalitukaa. Mwenye biashara ya maharusi akisemwa ana upele, amekwisha. Usiku ule tukaamua, na tunaona haya kuandika, kwamba Bafta aondoke. Tumpeleke Mikumi, tumwachie karibu na soko, atajitafutia.

Mnaikumbuka hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka, imo katika Bukhari na Muslim. Alimfungia, hakumlisha wala hakumwachia ale wadudu wa ardhini. Sisi tukajipa fatwa wenyewe: hatumfungii, tunamwachia. Tukaona tumetoka salama. Lakini paka aliyelishwa dagaa kwenye kisahani miaka 4, kipofu nusu kwa magaga, ukimwachia kando ya barabara ya malori na mbwa, umemwachia ale nini?

Tukamtia kwenye kapu, tukapanda Noah asubuhi. Tulipofika Ulaya (ndiyo, tuna Ulaya yetu njia ya Mikumi, haihitaji viza) akaanza kulia. Mzee mmoja wa kanzu akageuka, akachungulia kapu. "Masikini. Mnampeleka hospitali?"

Wifi akajibu haraka, "Ndiyo, baba."

Mzee akamwombea shifaa. Sisi tukatazamana, hatukusema neno mpaka Mikumi. Kushuka pale, wifi akauliza basi la Morogoro liko wapi.

Tulikwenda hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Daktari hakutoa dawa kwanza. Alikwangua ngozi kidogo ukingoni mwa sikio, akaitazama kwenye hadubini. Alisema magonjwa matatu hufanana machoni kwa asiyejua. Kuna utitiri wa ndani ya sikio, unaoacha uchafu mweusi kama unga wa kahawa. Kuna fangasi, anayenyonyoa kwa mabaka na anayeambukiza watu pia. Na kuna upele wa paka wenyewe, utitiri unaochimba ngozi na kutaga mayai humo. Bafta alikuwa na huo wa tatu. Huanza masikioni, ukaenda usoni na shingoni, kisha miguuni na nyuma, kwa sababu paka hunawa uso kwa mguu na hulala amejikunja.

Alimchoma sindano ya ivermektini. Ni dawa ile ile inayouzwa kwa ng'ombe, lakini paka wa kilo 3 anahitaji chini ya sehemu ya kumi ya mililita moja. Ndiyo maana alimpima uzito kabla ya kuvuta dawa. Hilo si la kujaribia nyumbani, tafadhali. Akasema turudi baada ya wiki mbili, kwa sababu dawa inaua walio hai, mayai inayaacha, na kutoka yai hadi utitiri mzima ni kama wiki tatu.

Siku ya kumi Bafta aliacha kujikuna. Ulikuwa mwezi wa Shaaban, mnajua harusi zinavyobanana kabla ya Ramadhani. Hatukurudi. Tukasema amepona.

Kabla ya Ramadhani kwisha, kra kra kra.

Safari ya pili daktari alituuliza swali ambalo hatukuwa tumelitarajia: nani mwingine aliyekaa naye? Ndipo tukamkumbuka yule mtoto wa paka. Tulikwenda kwa jirani tukiwa na kiwewe, tukamkuta ana upele kuliko Bafta, na kila jioni alikuwa akipita dirishani kumtembelea mwenzake. Tukawatibu wote wawili, sindano tatu kila mmoja, wiki mbili mbili, na zamu hii tarehe tuliziandika ukutani pamoja na tarehe za kukabidhi magauni. Boksi tulilichoma moto. Matandiko yalifuliwa kwa maji ya moto, yakaanikwa juani, yakapigwa pasi.

Kuhusu binti yule. Hospitali walimwambia utitiri wa paka hauzaliani kwenye ngozi ya mtu. Vipele huisha vyenyewe paka akitibiwa, au ukikaa mbali naye. Vyake viliisha. Singo waliisogeza mbele siku nne, kwani ngozi yenye vipele haisuguliwi, na hina alipakwa kama kawaida. Nusu ya bei ya gauni tulimrudishia. Lakini mkiona muwasho unazidi usiku, uko katikati ya vidole, na nyumba nzima mnajikuna, msimsingizie paka. Huo ni upele wa binadamu, una dawa yake, na mnatibiwa wote siku moja.

Bafta sasa haingii chumba cha magauni, ndiyo sababu hamumwoni kwenye picha. Ana chumba chake cha nyuma na dirisha lenye wavu. Alipokuwa anapona alikuwa akikwaruza vidonda, basi tulimshonea kola pana ya kuzuia miguu isifike usoni, kwa kitambaa kigumu cha kola za mashati na mabaki ya satini ya gauni la mtu. Aliichukia siku mbili, kisha akawa anatembea nayo kama mwali anayetolewa nje. Kola ipo, imefuliwa. Mwenye paka wa kiasi hicho na shida hiyo atuambie, tutamshonea ya kwake, vipimo tunavyo.