Shemeji, pipa lako hapana!

Mpenzi msomaji, wiki hii sina habari za mapenzi. Nina habari za jiko. Usicheke! Kwangu jambo hili limekuwa zito kuliko kodi ya nyumba, na limenifikisha mpaka ukweni.

Kwa wale wasiofahamu, hapa Shinyanga nyama choma si shida. Usukuma ni nchi ya ng'ombe, na jioni ukipita karibu na baa, pua yenyewe inakuonyesha njia. Unaagiza nusu kilo, inaletwa na ndizi na kachumbari, maisha yanaendelea. Sasa mtu mwenye akili timamu anatafuta jiko la kuchomea nyumbani la nini?

Jibu ni mfuniko. Nyama ya baa huchomwa kwenye moto ulio wazi: nje imeungua, ndani meno yanafanya kazi ya ziada. Ng'ombe wetu wa kienyeji katembea sana kutafuta maji, msuli wake umekomaa. Kwenye jiko lenye mfuniko unaweka mkaa upande mmoja, nyama upande mwingine, unafunika, unaacha matundu machache tu ya hewa. Joto likikaa kwenye nyuzi 110 hivi kwa saa nne au tano, zile kano ngumu zinalainika na moshi unaingia taratibu. Bibi zetu walijua siri hii zamani: nyama ilitundikwa juu ya mafiga, ikakaa siku nyingi bila friji. Wavuvi wa Ziwa Victoria nao wanabanika samaki kwa moshi mpaka leo.

Wazungu wenyewe hawakuanza na maajabu. Mwaka 1952 Mmarekani George Stephen, wa kiwanda cha vyuma cha Weber huko Chicago, alichoshwa na jiko lake la wazi. Akachukua boya la chuma, akalikata nusu, akalitia miguu na mfuniko. Ndiyo asili ya jiko la Weber linalouzwa dunia nzima. Kwa hiyo fundi wetu wa kuchomelea anayepasua pipa katikati hana cha kuonea aibu. Wazo ni lile lile.

Fundi mmoja alinitajia 180,000. "Kaka, kwa sababu ni wewe, nitakuwekea na magurudumu." Nikapeleka habari nyumbani. Mama watoto akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu: "Wageni wa kula nyama hapa wanakuja mara ngapi kwa mwaka?" Tukahesabu: Krismasi, Pasaka, Nane Nane, na siku ambazo timu yangu inashinda. Mara sita, tukijitahidi. Gawanya mwenyewe: 30,000 kila mara kwa mwaka wa kwanza, na hapo nyama bado iko buchani!

Akaongeza la pili: mkaa. Sisi wa Shinyanga hatuwezi kuuzungumzia mkaa kama watu wa mikoa mingine. Miti ya hapa ilikatwa mpaka nchi ikaelekea kuwa jangwa, ndipo mradi wa HASHI ukaanza mwaka 1986 na watu wakarudia kutenga ngitili, yale malisho ya akiba ya Wasukuma. Na mwaka 2024 serikali ilizindua mkakati unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034. "Gesi tumenunua kwa kujinyima," akasema, "leo unaturudishia magunia?" Nikakaa kimya. Hoja ilikuwa na uzito.

Ndipo shemeji akaingia. Huyu ni kaka yake mama watoto, anafanya shughuli za marudio upande wa Katoro, mkoani Geita. Kasikia shida yangu, Jumamosi moja kashuka na pipa zima juu ya kirikuu. Bure! "Shemeji, likate, mfurahi na watoto." Pipa zuri, zito, ila ubavuni karatasi imebanduliwa nusu, na fuvu la kichwa bado linachungulia.

Wanaoishi kwenye ukanda wa dhahabu wanalijua fuvu lile. Kwenye plenti za marudio, dhahabu iliyobaki kwenye mchanga huyeyushwa kwa sayanaidi, na sayanaidi huletwa kwenye mapipa kama yale. Kiasi kisichojaza hata kijiko cha chai kinatosha kumuua mtu mzima. Ikikutana na asidi inatoa gesi ya sumu, na sisi nyama tunaipaka nini? Ndimu! Shemeji akaapa kwamba kalichoma moto, kalisugua kwa mchanga, limetakata. Labda. Lakini sumu haipimwi kwa macho, na watakaokula ni mapacha wangu wa miaka mitano.

Kukataa zawadi ya ukweni si mchezo, bwana. Mama watoto alikuwa ananitazama, na yule ni kaka yake wa damu. Nikasema kwa adabu, "Shemeji, moyo wako nimeupokea. Pipa siwezi." Akanuna. Chai hakumaliza. Aliyevunja ukimya ni dada yake: "Kaka, hata maji ya mbuzi mtu asiweke humo." Siku ile nilijua nimeoa mtu.

Uamuzi wetu basi ni huu. La 180,000 hatununui. Tumeagiza dogo, la kutosha kilo tatu, kwa 75,000, lenye mfuniko na matundu ya kufungua na kufunga. Kwa mara zetu sita ni 12,500 kila moja, na mkaa linakula kidogo. Litengenezwe kwa chuma cheusi kipya, si bati lenye zinki, maana zinki ikipata moto mkali inatoa moshi mbaya. Gesi inabaki kuwa jiko la kila siku. Hili ni la sikukuu, tena uani, chini ya mwembe. Mkaa usiuingize chumbani hata mvua inyeshe vipi, gesi yake inaua watu wakiwa usingizini.

Na wewe unayetaka kuniiga, kwa moshi tumia kipande kikavu cha mwembe au mpera. Mnyaa wa uzio uache hapo hapo ulipo, utomvu wake si rafiki wa macho. Mwarobaini nao waachie mbu.

Jiko litakuwa tayari kabla ya Pasaka. Shemeji nimemwalika, tena nimemwambia mbavu za kwanza ni zake. Mpaka naandika haya hajajibu. Dada yake anasema atakuja tu, nyama anaipenda kuliko kununa.

Tuonane wiki ijayo, panapo majaliwa.